Barua Mbili na Gunia la Maua

Jumatatu, 7 Oktoba

Kitabu kinasema Jumamosi. Uongo. Ni shajara ya mwaka jana. Binti yangu Kui anafanya kazi kwenye duka la dawa za mifugo kule Longonot. Shajara zilibaki, wafanyakazi wakagawiwa, akaniletea moja. Alisema, Baba, andika mipango yako humu badala ya kuitekeleza. Mtoto ana mzaha huyu. Nimekata Jumamosi kwa kalamu ya kijani. Sina nyingine.

Kwa atakayekiokota: naitwa Nderitu, mpiga picha wa bustani, Nakuru mjini, mwaka wa ishirini na sita. Nimepanga chumba Kiamunyi. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita. Nina kamera, stuli, na mashine ndogo inayotoa picha papo hapo. Na akili. Kamera siku hizi kila mtu anayo. Akili ndiyo adimu.

Mijakaranda imechanua! Yote minane. Juu zambarau, chini zambarau. Watu wanaingia kutoka barabarani wakibishana, wakifika chini ya miti wananyamaza. Wanakaa kwenye mabenchi hata simu hawashiki. Mimi Oktoba naipenda kuliko Krismasi.

Leo amekuja bibi harusi mtarajiwa, Kimberly. Harusi ni Jumamosi ya tarehe kumi na tisa. Alinionyesha picha kwenye simu: Japani, miti yenye maua ya rangi ya waridi, na bibi harusi wa huko amesimama juu ya maua yaliyopukutika kama zulia. Anataka vivyo hivyo, ila zambarau. Saa tatu asubuhi. Zulia zima, lisilokanyagwa na mtu. Nikamwambia amefika kwa mwenyewe. Sikumwambia kuhusu Akeyo.

Akeyo ndiye mfagiaji. Anaanza saa kumi na mbili, na ikifika saa mbili hakuna ua hata moja chini. Mwaka jana mzee mmoja aliteleza kwenye maua akavunjika mkono, na tangu hapo ofisi ya bustani haitaki kuona ua likilala. Anafagia mstari kwa mstari, dasti koti yake ya kijani imefungwa vifungo vyote, akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Saa mbili na nusu anamimina chai kwenye kifuniko cha chupa na kunipa. Chai ya tangawizi. Hilo la chai halihusiani na mpango, naliandika tu.

Kwa kifupi: adui wa zulia ni Akeyo. Lazima nipange.

Jumanne, 8 Oktoba

Mpango wa kwanza: fagio. Bila fagio hakuna kufagia. Wepesi ulioje!

Nilifika kabla yake. Fagio hulala nyuma ya tangi la maji. Nikalitia kwenye mfuko wa stendi ya kamera. Mpini ukabaki nje, urefu wa mkono mzima. Nikaufunika kwa koti, nikaegemea mti kama mtu aliyeota mguu wa tatu.

Akeyo akaja. Akatazama nyuma ya tangi. Akazunguka. Akatazama tena, mara tatu, kama vile fagio linaweza kurudi likiona aibu. Akaniuliza kama nimeliona. Nikasema wezi wamezidi mjini siku hizi. Basi akaketi kwenye benchi, mikono mapajani, akasema fagio si neno, ofisi itampa lingine. Ni mpini. Mpini ule aliuchonga marehemu mumewe. Vichwa vya fagio vimekwisha vitano, mpini ni ule ule.

Lo! Laiti ardhi ingepasuka.

Nikazunguka nyuma ya ua wa miti, nikakohoa, nikarudi na fagio. Nikasema nimeliona kule, mwizi alilitupa alipoona halina soko. Akeyo aliligusa. Ua ulikuwa umelowa umande tepetepe, fagio kavu kabisa. Akanitazama. Alifagia bustani yote, halafu akanipa chai, na leo akaongeza mandazi.

Mandazi yale hayakushuka vizuri.

Alhamisi, 10 Oktoba

Siku ya Mazingira, sikukuu. Akeyo yuko nyumbani kwake Lanet. Kwa hiyo maua hayafagiwi! Leo nifanye majaribio ya zulia, nijue jua linaingilia wapi. Niliamka nikipiga mluzi.

Nafika. Watu arobaini. Fulana nyeupe. Mafagio arobaini. Wamejitolea kusafisha mazingira. Walifagia mpaka udongo ukaona haya. Halafu wakapanda mti mmoja, wakanyoosha vidole gumba, wakaniomba niwapige picha. Niliwapiga. Tabasamu zao zote nzuri, za bure.

Lewis naye alikuwepo, akiwarekodi. Lewis ni kijana wa ishirini na saba, hana kamera, ana simu yenye macho matatu na taa ya mviringo kama ringi ya baiskeli. Anafanya video. Anaita wateja wake wote "msupa", yaani mrembo, hata mama wa kwaya. Akanipita: "Niaje mzee? Kimberly amenicheki, anataka pia video ya nineteen." Nikamwambia tutaonana uwanjani. Akasema poa. Vijana hawajui wanapotangaziwa vita.

Nimeona jambo moja la maana. Nyuma ya tangi wamelundika maua yote. Rundo la kufika kiunoni. Nimeliweka akilini.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimepata! Nashangaa kwa nini sikufikiria mapema.

Humwondoi mtu kazini kwa kumsema vibaya. Ukimsema vibaya, ofisi inamwita, anajitetea, anarudi na kinyongo. La. Unamwondoa kwa kumsifu. Nimeishi Kenya hii miaka hamsini na nne na nimeyaona. Mwalimu mzuri anapelekwa shule nyingine. Karani mzuri anapelekwa makao makuu. Asiyefaa ndiye anayekaa mahali pamoja mpaka anastaafu. Akeyo akisifiwa vya kutosha atapandishwa cheo, atahamishwa, na maua yatalala chini kwa amani. Na hakuna aliyeumia! Ni wema mtupu.

Nimeandika kurasa mbili kwa kalamu ya kijani. Nimesema kwamba katika miaka tisa hajachelewa hata siku moja ya mvua. Kwamba hafagii kama anayefukuza uchafu, anafagia kama anayemkaribisha mtu. Kwamba alimfunga mkono yule mzee aliyeanguka kwa leso yake mwenyewe na kukaa naye hadi gari lilipofika. Kwamba bustani hii ni tulivu kwa sababu yeye yupo. Nilinuia kuandika nusu ukurasa. Maneno yalikuja yenyewe, nami nikayaacha, si yalikuwa ya mpango.

Nimetia sahihi: Mpenda Usafi. Nimeisukuma chini ya mlango wa Madam Chepkemboi, supavaisa wa bustani. Sasa nasubiri.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya kanisa nilikuwa nimewapiga picha wamama sita wa kwaya pale mti wa tatu. Nageuka, naona mwanamke amesimama langoni na gauni la buluu. Nikajiandaa kumwita mteja. Kumbe Akeyo! Siku yake ya mapumziko, na nauli ametoa kutoka Lanet.

Nilimuuliza kama kuna tatizo. Akasema hakuna. Miaka tisa amekuwa akiitazama mijakaranda hii kama kazi: likianguka moja, ni moja la kufagia. Leo ametaka kuja kama mgeni, aone wengine wanaona nini.

Tukaketi. Benchi la pili, lile la kando ya mti mkubwa. Upepo ukapita, maua yakamwangukia kichwani na mabegani. Hakuyapangusa. Alisema wacha yaanguke, leo si kazi yake. Sikuona haja ya kupanga kitu.

Nilimpiga picha kumi na moja. Nikachapisha moja nikampa. Aliishika kwenye kingo, akaipuliza, akaitazama sana. Akasema picha yake ya mwisho ni ya kitambulisho. Halafu akaniuliza mbona yeye ananiona nimesimama kila siku, benchi hili siketi. Nikajikuta namwambia. Mama Kui alikuwa akiniletea chakula hapa saa saba, kila siku, na tangu aondoke nimekula nikiwa nimesimama. Sijawahi kumwambia mtu jambo hilo. Hata Kui. Akeyo hakusema pole. Alisogeza mkoba wake kidogo, nafasi ikaongezeka.

Nimechapisha nakala ya pili. Ni ya kumbukumbu za kikazi. Nimeiweka katikati ya kitabu hiki.

Njiani kurudi Kiamunyi nikakumbuka ile barua. Nikapitiliza kituo changu. Nafikiri ni kelele za matatu.

Jumatano, 16 Oktoba

Mpango umefaulu. Mpango wangu wa kwanza kufaulu tangu nizaliwe.

Asubuhi Madam Chepkemboi aliingia bustanini, akamsalimia Akeyo kwa mikono miwili mbele ya watu. Ofisi imepokea barua ya mwananchi. Haijapata kupokea barua ya namna ile. Watu huandika kulalamika tu. Akeyo amefanywa msimamizi wa wafagiaji. Kituo, Lanet. Kuanzia Jumanne ijayo, baada ya sikukuu ya Mashujaa. Siku yake ya mwisho hapa ni keshokutwa.

Akeyo alikaa chini. Akalia kidogo, akacheka, akajifuta kwa ncha ya dasti koti. Alinieleza kwamba amekuwa akiomba kuhamishiwa Lanet mwaka wa tatu huu. Magoti yanamuuma, anaamka saa tisa usiku, na kutoka nyumbani kwake hadi kile kituo ni kutembea dakika kumi. Alikuwa amekata tamaa. Sasa mtu asiyemjua ameandika. Akasema huyo mtu, popote alipo, Mungu amkumbuke.

Nikasema amina.

Halafu akanipa chai, nikaiacha ikapoa. Kwa nini? Nimeshinda! Zulia ni langu! Nimeketi hapa jioni nimeikodolea macho ile picha ya kumbukumbu za kikazi na ukweli umenikalia kifuani. Miaka sita sikuwa nikija bustanini mapema kuwahi mwanga. Mwanga mzuri uko saa kumi jioni, kila mpiga picha anajua. Nilikuwa nikija saa moja asubuhi kwa ajili ya kifuniko cha chai.

Nimejipalia makaa mwenyewe. Tena kwa kalamu ya kijani.

Alhamisi, 17 Oktoba

Sikulala. Lakini nimepanga.

Ikiwa barua ya sifa imemwondoa, barua ya lawama itamrudisha. Ni hesabu nyepesi. Ofisi haimpandishi cheo mtu mwenye makosa. Najua magoti. Najua dakika kumi. Nilijiambia nitamnunulia dawa ya kuchua. Najua pia kwamba ni uchoyo, na nimeandika hapa ili isisemwe sikujua.

Nimeandika kwa ukali. Makosa matano.

Kosa la kwanza: anaimba akiwa kazini, na watu wanaopita wanasimama na kusahau walikokuwa wakienda. La pili: anawapa chai watu ambao si wafanyakazi wa ofisi, tena chai yenye tangawizi nyingi, hata mtu anashindwa kunywa chai nyingine yoyote. La tatu: upepo ukivuma anasimamisha fagio na kutazama juu mpaka maua yamalize kuanguka, kazi inalala, na wengine nao wanasimama kumtazama yeye. La nne: Jumapili alifika na gauni la buluu na kuvuruga shughuli za upigaji picha. La tano: akiwa hayupo bustani haikaliki, jambo ambalo si haki kwa umma.

Nimetia sahihi: Mwananchi Mwenye Hasira. Nikaisukuma chini ya mlango ule ule. Baadaye nikaingiwa na hofu. Nimekuwa mkali mno. Maskini Akeyo, akisomewa yale!

Ijumaa, 18 Oktoba

Ofisi kimya. Hawajajibu hasira ya mwananchi.

Siku yake ya mwisho. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Alipomimina chai nikasema, leo kuna mawingu. Akasema ndiyo, yapo. Ndiyo hotuba yote.

Alifungua mpini wake kutoka kwenye fagio la ofisi, akaufunga kwa kitambaa, akauweka begani kama jembe. Alimkabidhi zamu kijana mpya, Kipchirchir, mtu wa mabega, anayetembea kama amechelewa. Halafu akaenda nyuma, upande wa ule mti wa mwisho wa kona ambako watu hawafiki, wakaongea na Kipchirchir kwa muda. Mambo ya kazi, nadhani. Mimi nilikuwa na langu.

Langu ni hili: Kipchirchir nimemwona, huyo atafagia mpaka kivuli. Kwa hiyo nimejaza gunia. Maua mabichi ya leo, kutoka rundo la nyuma ya tangi, yaliyolowa umande wote. Nimeyashindilia kwa mguu. Nimefunga mdomo wa gunia kwa kamba, nimelibeba mpaka Kiamunyi, liko chini ya kitanda. Kesho saa tatu kasoro namwaga, natandaza, zulia tayari. Akeyo nimempoteza, angalau Kimberly nisimpoteze.

Jumamosi, 19 Oktoba

Naandika polepole kwa sababu leo nataka kila kitu kikae sawa.

Saa mbili na nusu. Bustani safi kama sahani. Kipchirchir alianza kazi na jogoo. Kimberly akashuka garini na wasimamizi wake, shela mpaka chini, akatazama nyasi tupu. Akanitazama. Nikainua mkono, kama daktari anayewatuliza ndugu wa mgonjwa. Nikafungua gunia.

Harufu ilitoka kwanza.

Maua ya jakaranda ukiyashindilia mabichi usiku kucha yanapata moto, yanaiva. Kilichomwagika kwenye nyasi kilikuwa cha rangi ya udongo, laini, kinachoteleza, kinafanana na mboga iliyosahauliwa jikoni. Msimamizi mmoja akarudi garini. Kimberly akakunja shela mkononi. Nilisimama na gunia tupu mkononi, na nakiri nilitamani kuliingia.

Basi Lewis akaja akitembea, simu mkononi, hana haraka. Akasema waende mti wa kona. Tukamfuata wote, mimi nyuma na gunia langu.

Pale kulikuwa na kamba imezungushwa. Ndani ya kamba, maua ya siku tatu, moja juu ya jingine, hayajaguswa. Zambarau mpaka macho yanauma. Kimberly aliziba mdomo kwa mikono miwili, na nyayo zake pekee ndizo zilizoingia.

Nikamuuliza Lewis amefanyaje. Amemhonga nani? Akanishangaa. Alisema alimuuliza tu Mama Akeyo Jumatano: mathe, naomba usifagie mti mmoja. Akakubali. Akamwachia na Kipchirchir maagizo.

Alimuuliza tu! Wiki mbili mimi naiba mafagio na kuandika barua, na kijana amemuuliza tu.

Lewis akanivuta kando. Video ni yake, alisema, lakini Kimberly anataka pia picha za kushika mkononi, za kumpa nyanya yake leo leo, na hiyo mashine ni mimi ninayo. Tukafanya kazi pamoja mpaka saa tano. Kijana ana jicho zuri. Sitamwambia.

Walipoondoka nikabaki nakusanya ule uchafu wangu kwa mikono. Kivuli kikaniangukia. Gauni la buluu. Alikuja kuona kama mti wa kona umefaa, na mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa. Niliona wino wa kijani ukipenya upande wa pili. Magoti yangu nayo yakaanza kuuma.

Alinieleza. Madam Chepkemboi alimwita jana jioni. Alizilaza barua mbili mezani, Mpenda Usafi na Mwananchi Mwenye Hasira, mwandiko mmoja, wino mmoja. Alikuwa amecheka mpaka ametoa miwani. Akampa Akeyo hii ya pili akisema hawezi kuiweka kwenye faili, maana haikuandikiwa ofisi.

Nilitaka kusema kitu kuhusu wezi wa mjini.

"Nderitu," akasema. Miaka yote amekuwa akiniita Baba Kui. "Nimesoma makosa yangu yote matano."

Nikasema nilikuwa na hasira.

"Nimeona. Barua ya kwanza imenipeleka Lanet. Hii ya pili ndiyo inafanya miguu iwe mizito." Akaikunja tena, akaitia mkobani, mfuko wa ndani wenye zipu. "Lakini nitaenda. Magoti ni yangu, si yako."

Nikasema najua. Nikasema nilijua hata nikiandika, na niliandika hivyo hivyo, na kwamba nimeona vibaya. Nikasema chai ya hapa nimekuwa nikiinywa kama dawa. Hilo halikuwa kwenye mpango wowote. Lilitoka tu.

Akaketi kwenye benchi la pili, akanifanyia nafasi. Akasema Lanet si Ulaya. Akasema nyumba yake ina geti la bluu, karibu na posho mill ya kusaga mahindi, mtu yeyote ataniambia. Jumapili ya tarehe ishirini na saba, baada ya kanisa.

"Lakini sikia vizuri. Usilete kitu. Usiandike kitu. Usipange. Wewe kuja tu."

Nikaahidi. Nilikula chakula changu cha mchana pale pale, nimeketi.

Jumanne, 22 Oktoba

Bustani bila yeye. Kipchirchir anafagia haraka na haimbi. Nilifika saa moja kwa mazoea, nikasimama kama mtu aliyesahau alichotumwa. Nimejinunulia chai ya kioski. Nimeimwagia mti.

Kui alipiga simu. Nikamweleza yote, hata la benchi la mama yake. Akasema mama angefurahi. Halafu akasema Baba, umesikia huyo mama alivyokuambia? Usilete kitu. Nikamwambia mimi si mtoto.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimekuwa nikiyawaza maneno yake. Usilete kitu. Mtu mwenye akili lazima ajiulize kwa nini amesema hivyo. Mwanamke wa heshima hawezi kusema leta.

Tena kuna jambo. Lewis alipita Lanet jana kwa kazi ya graduesheni, akaniambia kile kituo cha Akeyo ni simenti tupu. Hakuna mjakaranda hata mmoja! Miaka tisa ya zambarau, halafu simenti. Haiwezekani. Na msimu unaisha, wiki ijayo matawi yatakuwa na majani tu.

Kwa hiyo. Leo asubuhi nimemuuliza Kipchirchir, uso kwa uso, kama mtu mzima, aniachie rundo lote la nyuma ya tangi. Nimeuliza tu! Naona nimebadilika sana.

Magunia mawili. Mabichi, na umande wake. Nimeyashindilia vizuri ili yasichukue nafasi kwenye gari, yako chini ya kitanda, yanalala humo Ijumaa na Jumamosi yakinisubiri. Jumapili nafika mapema kabla hajatoka kanisani, natandaza kuanzia geti la bluu mpaka mlangoni. Nimeandika na kadi ndogo ya kutangulia, mistari mitatu tu, kurasa mbili. Wino wa kijani.

Najua Kimberly yalimwozea. Nimelichunguza jambo hilo kwa makini. Kosa lilikuwa kamba: nilifunga moja, hewa ikaingia. Safari hii nimefunga mbili.